Yaya wa unga wa pankeki na bunduki yake

Kisanduku chenyewe hakitimizi sentimita 30 kwenda juu. Upana wake ni sentimita 20 hivi, kina chake 7, kwa hiyo ukikisimamisha kwenye rafu ya vitabu kinachukua nafasi ya kamusi moja nene. Ndani yake kuna kijisanamu cha kiwandani cha mwanamke mweusi: mnene, kilemba kichwani, macho yamemtoka, midomo imekolezwa wekundu, anakenua. Mkono mmoja umeshika ufagio. Upande wa pili ana bunduki. Chini ya miguu yake imetandazwa pamba.

Kiliundwa mwaka 1972 na Betye Saar, msanii mweusi wa Los Angeles, na kinaitwa The Liberation of Aunt Jemima, yaani Ukombozi wa Shangazi Jemima. Jemima ni yule mpishi mweusi aliyechapwa kwenye maboksi ya unga wa pankeki huko Marekani. Leo kiko katika jumba la makumbusho ya sanaa la Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley. Kila panapozungumzwa sanaa ya kisiasa iliyotokana na vitu vya nyumbani vya bei ya kutupa, hiki hutajwa mapema, na mara nyingi hutajwa kwa pupa: mtumishi kapewa silaha, kakombolewa, tumemaliza. Mimi naona bunduki ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote. Yeyote angeweza kumpa bunduki, na wapo waliokwisha kumpa kabla ya Saar. Kinachonishughulisha ni jambo ambalo Saar hakulifanya. Uso ule wa matusi hakuupaka rangi upya, hakuurekebisha, hakuufunika. Aliuacha ukenue.

Ili tuone uzito wa uamuzi huo, inabidi turudi nyuma hadi kwenye kinu cha unga.

Jina lilitangulia, mtu akatafutwa

Mwaka 1889, huko St. Joseph, Missouri, wazungu wawili, Chris Rutt na Charles Underwood, walikuwa na kinu kilichoitwa Pearl Milling Company. Wakabuni unga wa pankeki uliochanganywa tayari, mpishi asihangaike kupima. Bidhaa ikahitaji jina. Rutt alilipata kwenye onyesho la vichekesho, yale ambayo waigizaji walijipaka masizi usoni na kujifanya watu weusi wa shambani. Wimbo mmojawapo ulimtaja Old Aunt Jemima. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza Jemima hakuwa mtu. Alikuwa igizo la mpishi ambaye hakuwahi kuzaliwa.

Neno hilo Aunt linahitaji maelezo, maana masikioni mwa msomaji wa Kiswahili linadanganya. Ukimwita mama usiyemjua "shangazi" umemvuta karibu, umempa heshima ya damu ambayo hamna kati yenu. Kusini mwa Marekani hesabu ilikuwa kinyume. Kulikuwa na neno la adabu la kumwitia mwanamke mtu mzima, Mrs., na mzungu hakutaka kumpa mwanamke mweusi neno hilo. Alipozeeka, hata kumwita kwa jina tupu kukaanza kutia haya, ndipo akaitwa Aunt, na mzee wa kiume Uncle. Undugu ulitumika kukwepa heshima. Tukilitafsiri kuwa "Shangazi Jemima" bila kulisema hilo, tunakuwa tumelisafisha.

Mwaka 1890 biashara ilinunuliwa na kampuni ya R. T. Davis, na huko ndiko ilikoonekana kwamba jina peke yake halitoshi, panatakiwa na mwili. Akaajiriwa Nancy Green, aliyezaliwa utumwani Kentucky mwaka 1834. Kwenye maonyesho makubwa ya dunia ya Chicago mwaka 1893, alisimamishwa kwenye kibanda chenye umbo la pipa kubwa la unga akakaanga pankeki, akaimba, akasimulia visa vya maisha ya zamani huko Kusini. Hebu itafakari kazi hiyo. Mtu aliyekuwa mtumwa kweli analipwa kumwigiza mtumwa wa kubuni mwenye furaha, mbele ya umati uliotamani sana kuambiwa kwamba utumwa haukuwa mbaya kiasi kile.

Green alifariki mwaka 1923, baada ya kugongwa na gari hapo hapo Chicago, akazikwa kwenye kaburi lisilo na alama. Mwaka huo huo Seneti ya Marekani iliidhinisha mpango wa kusimamisha mnara mjini Washington kwa heshima ya "mammy", yule yaya mweusi mnene wa kwenye ngano za wazungu, anayelea watoto wa bwana na kusahau wa kwake. Mpango ulipigiwa debe na chama cha mabinti wa askari waliopigania upande wa Kusini, upande wa utumwa, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Magazeti na vyama vya watu weusi vikaja juu, na Baraza la Wawakilishi halikuupitisha. Mnara haukujengwa. Lakini yaya huyo hakuhitaji mnara. Alikuwa tayari amesimama jikoni kwa watu.

Mwaka 1926 kampuni ya vyakula ya Quaker Oats ikainunua nembo ya Jemima. Ndio mwaka aliozaliwa Betye Saar.

Mtungi wa biskuti haupigwi marufuku

Wachambuzi wa sanaa wana neno la Kijerumani kwa vitu vya namna hii, kichi: mapambo yanayotengenezwa kwa wingi, ya bei ndogo, yanayotaka upendo wako papo hapo na hayakudai ufikirie chochote. Uso wa yaya ulikuwa mtungi wa biskuti. Ulikuwa vichupa vya chumvi na pilipili, kengele ya kuitia chakula, kishikio cha vijiko, taulo, kadi ya posta, kidoli cha mtoto. Kila kimoja peke yake ni mzaha mdogo. Ukivipanga pamoja unaona shule.

Kibao cha "wazungu tu" mlangoni kilikuwa kinasema waziwazi kinachotaka, na kwa sababu hiyo kiliweza kupingwa. Watu waliketi kwenye viti walivyokatazwa, wakapigwa, wakafungwa, na sheria ya haki za kiraia ya 1964 ikaviondoa vibao hivyo. Mtungi wa biskuti je? Hakuna bunge linaloweza kutunga sheria dhidi ya mtungi wa biskuti. Haukuamrisha kitu. Ulikaa tu pale juu ya kabati, ukikenua, na mtoto wa nyumba hiyo akakua akijua, bila kufundishwa na mtu, nani anacheka na nani anachekwa. Hapa ndipo ninapoona kwamba msanii wa makorokoro ana kazi ambayo mwanasheria na mwandamanaji hawawezi kumfanyia.

Kijisanamu alichokipata Saar kilikuwa cha kundi hili hili, na kilikuwa na ajira. Kilikuwa kishikio cha kijitabu na penseli cha jikoni. Mbele ya sketi ya yule mwanamke ndipo palipokaa kijitabu, na mama mwenye nyumba aliandika hapo mambo ya kukumbuka: sukari imekwisha, sabuni ya kufulia, mayai. Yaani mwili wa mwanamke mweusi ulikuwa ubao wa kuandikia mahitaji ya mtu mwingine. Sidhani kuna mshairi angeweza kubuni sitiari chungu kama hiyo. Kiwanda kilibuni, bila nia yoyote, kikauza.

Mkusanyaji

Saar hakuanzia kwenye siasa za bunduki. Alisomea usanifu wa mapambo UCLA, yaani Chuo Kikuu cha California kilichoko Los Angeles, akahitimu mwaka 1949, akalea mabinti watatu, akafanya kazi ya kuchapa picha. Ila tangu utotoni alikuwa ameona jambo. Bibi yake aliishi Watts, mtaa wa Los Angeles, na kila walipomtembelea mtoto yule alimwona mhamiaji kutoka Italia, Simon Rodia, akijenga minara ya ajabu uani kwake kwa nondo, saruji, vigae vilivyovunjika, kombe za baharini na vipande vya chupa za soda. Rodia aliijenga kati ya 1921 na 1954, kwa mikono yake. Mtoto aliyekua akitazama hayo hawezi tena kuambiwa kwamba kitu kilichovunjika kimekwisha.

Mwaka 1967 akaona maonyesho ya Joseph Cornell kwenye jumba la sanaa la Pasadena: visanduku vyenye kioo, ndani vimepangwa vitu vidogo vya kuokota kwa utulivu kama ndoto. Umbo la kisanduku alilipata hapo. Alichokosa ni hasira, na hiyo ililetwa na nyakati. Watts ilikuwa imeungua kwa ghasia Agosti 1965. Aprili 1968 Martin Luther King Jr. akauawa. Saar, aliyekuwa na watoto na hakuweza kuondoka kwenda kuandamana, ameeleza mara nyingi kwamba sanaa ndiyo njia aliyokuwa nayo ya kuitoa ghadhabu ile. Akaanza kuzunguka kwenye minada ya vitu vikuukuu akinunua hasa vile vilivyomuudhi.

Linganisha na kitu kingine kilichotokea mji ule ule. Julai 1962, kwenye ukumbi wa Ferus, Los Angeles, Andy Warhol alionyesha michoro 32 ya makopo ya supu ya Campbell's, kila mmoja ladha yake. Jirani mwenye ukumbi mwingine akapanga dirishani makopo ya kweli kuwakejeli. Tangu hapo kila mwanafunzi wa sanaa anafundishwa kwamba vitu vya dukani vinaweza kuwa sanaa. Sawa. Lakini kopo la supu halina ndugu. Hakuna mtu anayeamka asubuhi akafananishwa na kopo la supu akiwa kwenye basi. Warhol aliweza kuwa baridi kwa sababu kitu alichokishika hakikuwa na mtu ndani yake.

Ndani ya kisanduku

Mwaka 1972 kituo cha utamaduni wa watu weusi mjini Berkeley, Rainbow Sign, kiliandaa maonyesho kuhusu mashujaa weusi. Kituo hicho, kilichoanzishwa na Mary Ann Pollar ndani ya jengo lililokuwa zamani nyumba ya kuandalia maiti, kilikuwa jirani na Oakland, mji ambako chama cha Black Panther, cha wanamapinduzi weusi waliobeba silaha, kilizaliwa mwaka 1966. Wasanii wengine wangeweza kuleta sura ya kiongozi au mpigania uhuru. Saar akaleta mpishi.

Tuisogelee picha yake safu kwa safu, kuanzia nyuma.

Ukuta wa nyuma umebandikwa sura za Jemima kutoka kwenye vifungashio vya unga, zile zile, zimepangwa kama karatasi ya ukutani. Hapa ndipo Warhol anapojibiwa, nadhani kwa makusudi. Kwa Warhol marudio yanachosha macho hadi maana inapotea. Kwa Saar yanafanya kinyume: kila sura ni kiamshakinywa kimoja kwenye meza moja, na ukuta mzima ni hesabu ya asubuhi zote hizo.

Katikati yumo yeye. Ufagio anao, bunduki anayo, na bastola nayo imo. Watu wakisimulia kazi hii mara nyingi husahau ufagio. Saar hakumnyang'anya. Angetaka kutuletea askari safi wa mapinduzi, angeuondoa, na kijisanamu kingependeza zaidi kwenye bango. Lakini mwanamke huyu bado ni mfanyakazi wa ndani. Mikono iliyofagia ndiyo hiyo hiyo. Miaka mingi baadaye, kuanzia mwisho wa miaka ya 1990, Saar alimrudia Jemima kwa mfululizo wa kazi zilizotengenezwa juu ya mbao za kufulia nguo, na hapo ilikuwa wazi kabisa kwamba heshima yake ni kwa kazi yenyewe, jasho lenyewe, kuliko kwa silaha.

Mahali palipokuwa pa kijitabu, kwenye sketi, ameweka kadi ya posta ya zamani: yaya mwingine, amempakata mtoto wa rangi hafifu anayelia. Saar mwenyewe amesema mtoto yule ni chotara. Kwa hiyo badala ya orodha ya sukari na mayai, sasa sketini pamewekwa siri ya nyumba. Yule yaya wa ngano alichorwa mnene na asiyetamanika kwa sababu maalumu: bwana aonekane hana sababu ya kumgusa. Mtoto chotara anaipasua hadithi hiyo. Katika kisanduku kizima, hiki ndicho kitendo kikali kuliko vyote, na kimefanywa kwa kadi ya posta ya senti chache.

Mbele kabisa imeinuka ngumi nyeusi iliyokunjwa, alama ya Nguvu ya Watu Weusi. Niseme ukweli: ngumi hii ndiyo inayonipendeza kidogo kuliko vyote. Inatuambia tulichokwisha kukielewa. Mwaka 1972 ilikuwa kwenye vitambaa, vifungo na mabango kila kona, na yenyewe ilikuwa inaelekea kuwa kichi. Pengine Saar alilijua hilo; ngumi iko bapa kama kibandiko, ikikaa safu moja na nembo za unga. Lakini hapo namtetea kuliko ninavyoamini.

Na pamba. Iko chini, nyepesi, unaweza kuipita. Ukumbi wa jikoni umesimama juu ya shamba.

Sasa turudi kwenye uso. Kama Saar angeuchora upya, uwe na hadhi, macho yametulia, midomo ya kawaida, tungepata picha ya mwanamke mweusi mwenye silaha, na picha hizo zilikuwapo: Emory Douglas alikuwa akizichora kila mara kwenye gazeti la Black Panther, tena vizuri sana. Ila mtungi wa biskuti ungebaki salama juu ya kabati. Kwa kuuacha uso, Saar ameubadilisha mtungi wa kila nyumba. Mtu aliyekitazama kisanduku hiki akarudi nyumbani kwake atamkuta yule yule, kicheko kile kile, na sasa hajui ameficha nini chini ya aproni. Kicheko hakikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kwamba hakiaminiki tena. Wafanyakazi wa ndani wa kila mahali wanakijua kicheko cha namna hiyo. Ni kile unachompa mwajiri huku moyoni unahesabu siku.

Hakuwa wa kwanza

Imekuwa desturi kusema Saar ndiye aliyempa Jemima silaha. Si kweli. Mwaka 1964 Joe Overstreet alichora The New Jemima, kazi ambayo baadaye aliikuza, na Jemima wake anafyatua bunduki ya rashasha huku pankeki zikiruka hewani. Inachekesha, ina nguvu, na ilitangulia kwa miaka minane. Murry DePillars naye alimchora Jemima akichomoka kwa hasira kutoka kwenye boksi lake.

Tofauti ni kwamba wao walimchora. Kijisanamu cha Saar kilitoka kiwandani, kikapita dukani, kikatumika jikoni. Mchoro ni hoja. Kijisanamu ni kielelezo cha mahakamani. Huwezi kusema msanii ametia chumvi kuhusu jinsi watu weusi walivyodhihakiwa, kwa sababu dhihaka hajaitengeneza yeye, ameinunua. Hii ndiyo faida ya vitu vya kawaida katika sanaa ya siasa, na wengi wanaoiga mtindo huu leo huipoteza: wanatengeneza kitu kinachofanana na cha zamani, kisha wanashangaa kwa nini hakiumi.

Mwaka uliofuata Saar akasogea mbele na kazi ambayo sasa iko Brooklyn Museum: chupa kubwa ya mvinyo, upande mmoja ina lebo ya Jemima, upande wa pili ngumi, na mdomoni imetiwa kitambaa. Yaani bomu la petroli. Inatisha kuliko kisanduku, na kwangu haifiki kina chake. Chupa ina neno moja tu la kusema.

Kisanduku chenyewe kilinunuliwa mapema na jumba la makumbusho la Berkeley, kwa msaada wa fedha za mfuko wa sanaa wa serikali kuu. Serikali ya Rais Nixon, kwa mkono mrefu, ikalipia bunduki ya Jemima. Baadaye Saar akasimulia kwamba alimsikia Angela Davis, mwanaharakati mweusi mashuhuri, akisema kwenye mhadhara Los Angeles kuwa harakati za wanawake weusi zilianza na kazi hii. Kama historia siwezi kuipokea kauli hiyo, harakati hizo zina mizizi mirefu zaidi. Kama ushahidi wa jinsi wanawake waliokuwapo walivyokipokea kisanduku, inatosha.

Ugomvi wa 1997

Kisa kingeishia hapo, kingekuwa cha kupendeza mno. Hakikuishia hapo.

Mwaka 1997 Kara Walker, akiwa na miaka 27, alipata tuzo kubwa ya MacArthur. Walker hukata vivuli vya karatasi nyeusi na kuvibandika ukutani: mabibi wa mashamba ya Kusini, watumwa, watoto, wakifanyiana mambo ya kikatili na ya aibu ambayo macho yanasita kuyatazama. Mbinu yenyewe ni kichi ya karne ya 18 na ya 19. Kukata vivuli vya watu ilikuwa burudani ya sebuleni. Saar, sasa ana miaka 71, alikasirika. Akaandika barua zaidi ya 200 kwa wasanii, waandishi na wanasiasa akiwataka wapinge kazi hizo. Hoja yake ilikuwa kwamba Walker anawauzia wazungu matusi yao ya zamani, na wanayanunua kwa furaha.

Wengi walimcheka. Si ndiye aliyelileta tusi lenyewe ukumbini miaka 25 nyuma? Ni rahisi kumwita mnafiki, na mimi pia naona alikosea kutaka kazi zizuiwe. Lakini swali lake lilikuwa la kweli, na lilimhusu yeye kabla halijamhusu Walker: ukiuacha uso wa tusi kama ulivyo, nani anakuhakikishia kwamba mtazamaji hatalifurahia tusi?

Saar alikuwa na majibu mawili ndani ya kisanduku. Jibu la kwanza ni silaha, na hapa nailipa bunduki haki yake: ni onyo kwa anayetaka kucheka. Jibu la pili ni ukubwa. Sentimita 30 hukulazimisha uiname, peke yako, uso kwa uso. Umati hauwezi kuinama pamoja. Walker mwaka 2014 aliweka ndani ya kiwanda cha zamani cha sukari cha Domino, Brooklyn, sanamu ya yaya mwenye kilemba na mwili wa sfinksi, yule simba mwenye kichwa cha mtu, imefunikwa kwa sukari nyeupe, urefu wake kama mita 23 na kimo kama 10. Ilikuwa kazi nzito juu ya historia ya sukari na damu iliyomo. Maelfu walikuja, na baadhi yao wakajipiga picha wakifanya ishara chafu mbele ya matiti na makalio ya sanamu, wakazirusha mtandaoni. Siku hizo waliokuwa wamecheka barua za Saar ndio waliodaiwa jibu.

Lakini Walker alikuwa amewatangulia. Aliweka kamera, akawarekodi watazamaji wenyewe, na filamu hiyo ikawa kazi nyingine. Kwa maneno mengine, yaya wa Saar anajilinda kwa bunduki, yaya wa Walker anajilinda kwa kukuacha ufanye upuuzi wako huku unatazamwa. Mbinu ya pili ni ya hatari zaidi, na gharama yake waliilipa watazamaji weusi waliosimama kando ya wale wacheshi siku ile.

Uso unaondoka

Quaker Oats ilikuwa ikimrekebisha Jemima kidogo kidogo kwa miaka. Mwaka 1989 ilimvua kitambaa cha kichwa, ikamweka hereni za lulu na kola ya lesi, akawa mama wa ofisini mwenye tabasamu jema. Ndiyo njia ambayo Saar aliikataa: kurembesha uso na kuacha jina na kazi pale pale. Juni 2020, wiki chache baada ya George Floyd, Mmarekani mweusi, kuuawa na polisi Minneapolis, kampuni ilitangaza kwamba jina na picha vyote vitaondolewa. Februari 2021 jina jipya likatajwa: Pearl Milling Company, lile la kinu cha 1889, kana kwamba miaka yote ya katikati haikuwapo.

Baadhi ya jamaa za wanawake waliowahi kuajiriwa kumwigiza Jemima walilalamika. Kwao, kilichofutwa kilikuwa kazi ya bibi zao, kazi ya haki iliyolipa kodi ya nyumba. Sioni jinsi ya kuwapuuza. Kampuni ilifuta uso na pamoja nao ikafuta waliouvaa. Wakati huo huo vijisanamu na mitungi ya zamani inaendelea kubadilisha mikono minadani, kuna wakusanyaji wanaoipenda kwa nia njema na wenye nia mbaya, na kule Big Rapids, Michigan, jumba la makumbusho la Jim Crow (jina la zile sheria za ubaguzi za Marekani) katika Chuo Kikuu cha Ferris State limeijaza kwenye kabati za kioo kwa makusudi ya kufundishia.

Nembo zilizobandikwa nyuma ya kisanduku cha Saar hazichapishwi tena. Kijana anayekisogelea leo huko Berkeley huenda hajawahi kuliona boksi lenyewe dukani, na itabidi aelezwe yule ni nani kabla hajaelewa kwa nini ana bunduki.

Septemba 2020, baada ya miaka 97, kaburi la Nancy Green katika makaburi ya Oak Woods, Chicago, liliwekewa jiwe. Waliolipigania ni watu wa chama cha historia cha mtaa.